Panya wasio na jeni ya NPHP1 figo zao ni nzima. Sasa wanatufundisha nini kuhusu watoto wetu?

Baba wa Wawili anauliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nimefika mahali ambapo kila ninachosoma kinanichanganya zaidi, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Nina watoto wawili na wote wana nefronoftisisi, ugonjwa wa figo wa kurithi. Wa kwanza, mvulana, alianza na kiu isiyoisha. Alilala na chupa ya maji kando yake, na kukojoa kitandani kukamrudia ilhali alishaacha miaka mingi. Tukadhani ni utoto tu. Baadaye midomo ikapauka, urefu ukasimama, na walipompima kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, figo zilikuwa zimekwisha. Leo anaishi na figo aliyopandikizwa, anasoma na kucheza na wenzake. Mdogo wake wa kike amefuata njia ileile, ila yeye ana la ziada: jua likizama anapapasa kuta. Daktari wa macho ametuambia kwamba seli za retina yake, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zinakufa, na kwamba figo na macho yake ni ugonjwa mmoja unaoitwa Senior-Løken.

Majibu ya vinasaba ya wote wawili ni yaleyale. Nakala zote mbili za jeni ya NPHP1 hazipo, kipande kizima kimekatika kwenye kromosomu ya 2. Mimi na mama yao kila mmoja ana nakala moja iliyokatika, na sisi ni wazima.

Swali langu ni hili. Kama kasoro ni ileile kabisa, kwa nini kaka anaona vizuri na dada haoni gizani? Daktari aligusia kwamba panya wa maabara ndio waliosaidia kulielewa jambo hilo, lakini zamu yetu ikawa imeisha. Nikaenda kusoma mwenyewe, nikakuta imeandikwa kwamba panya walioharibiwa jeni ya NPHP1 figo zao zilibaki nzima. Hapo ndipo nilipokwama. Mwanangu amepoteza figo kwa kukosa jeni hiyo, panya anaikosa na wala haumwi figo. Panya wa namna hiyo atanifundisha nini? Mwenye ujuzi anieleze wazi, asinipambie maneno.

---

Taa Nyekundu:

Poleni sana kwa mliyopitia, ndugu yangu. Nafanya kazi katika maabara inayotunza panya wenye magonjwa ya silia, na upande wangu ni macho yao. Panya hukaa gizani usiku kucha kabla ya kupimwa, kisha tunawalaza kwa dawa na kuwapima chini ya taa nyekundu hafifu, kwa kuwa seli zao zinazoona gizani haziishiki sana rangi nyekundu. Jina langu hapa limetoka huko.

Nianze na kaka na dada, kwa sababu swali hilo lina jibu, angalau kwa sehemu, na jibu lenyewe lilipitia kwa panya.

Silia ni kijinywele kinachochomoza kwenye seli, na karibu kila seli ya mwili inacho. Katika mirija ya figo, silia hutokeza ndani ya mkojo unaopita. Kwenye retina mambo ni ya ajabu zaidi. Seli inayopokea mwanga imegawanyika sehemu mbili. Sehemu ya ndani hutengeneza protini, na sehemu ya nje ni rundo la visahani vilivyojaa opsini, protini inayonasa mwanga. Kinachounganisha sehemu hizo mbili ni shingo nyembamba sana, na shingo hiyo ni silia. Kila siku seli hiyo humwaga karibu sehemu moja ya kumi ya visahani vyake kutoka kwenye ncha na kujenga vipya kutoka chini. Opsini yote ya ujenzi huo lazima ipite shingoni. Sasa, protini inayotokana na NPHP1 hukaa palepale silia inapoanzia, mahali ambapo seli huchuja kipi kiingie na kipi kibaki nje. Ikikosekana, figo inaguswa na jicho linaweza kuguswa.

Neno "linaweza" ndilo linalomtenganisha mwanao na binti yako. Wengi waliopoteza NPHP1 huugua figo peke yake, na wachache huugua figo na retina. Mwaka 2010 ilichapishwa kazi iliyoanza na panya wasio na jeni nyingine ya silia, inayoitwa AHI1. Retina za panya hao hazikujenga sehemu ya nje hata kidogo. Opsini ilitapakaa seli nzima, mahali isipotakiwa, na seli zikafa kwa kasi kati ya wiki ya 2 na ya 4 ya umri. Watafiti wakawapunguzia panya hao kiasi cha opsini, na vifo vya seli vikachelewa. Mimi matokeo hayo huwa nayarudia kila mara, kwa sababu yanaonyesha kwamba opsini iliyokwama inachangia kuua seli, mbali na hasara ya kukosa visahani.

Kisha wakaunganisha kasoro za AHI1 na za NPHP1 katika panya mmoja, wakaona jeni hizo mbili zinasaidiana: ukipunguza moja wakati nyingine ni mbovu, retina inaumia zaidi. Wakiwa na dokezo hilo wakageukia wagonjwa wa nefronoftisisi. Wakakuta kwamba aina fulani ya AHI1, ambayo peke yake haimpofushi mtu, inaongeza hatari ya retina kufa kwa zaidi ya mara 7 kwa wagonjwa hao.

Kwa hiyo watoto wako wanafanana kwenye NPHP1, lakini jeni nyingine maelfu kwa maelfu hawakuzirithi sawasawa. Kaka anaweza kuwa na AHI1 nzima na dada akawa na ile dhaifu. Kipimo kinachotafuta tu kile kipande kilichokatika kwenye kromosomu ya 2 hakiwezi kuonyesha hilo. Kipimo kinachosoma jeni nyingi za silia kwa mara moja kinaweza. Ulizia ni kipi walichofanyiwa.

Tuje kwenye figo za panya. Ulichosoma ni kweli kwa panya wa mwanzo. Hao hawakuondolewa jeni nzima, waliharibiwa kipande kidogo, mfano eksoni moja, yaani kimojawapo cha vipande vya jeni vyenye maagizo ya protini. Figo zao zikabaki salama, lakini retina zikaharibika, na madume wakawa tasa kwa sababu mbegu zao hazikuumbika vizuri. Mkia wa mbegu na silia vina muundo wa jamii moja, kwa hiyo hata utasa ule ulikuwa unatuambia jambo. Baadaye wakatengenezwa panya waliokatwa eksoni ya 2 mpaka ya 20, karibu jeni yote kama ilivyo kwa watoto wako, na hao wakaonyesha madhara ya mirija ya figo yanayofanana na ya binadamu.

Kumbuka pia muda. Kwa watoto wenye kasoro ya NPHP1, figo hufeli wakiwa na umri wa miaka 13 hivi. Panya wa maabara huishi kama miaka 2, kwa hiyo anaweza kufa kabla ugonjwa haujafika mbali.

---

Mdadisi:

Namheshimu Taa Nyekundu, amefafanua vizuri. Lakini baba huyu ameomba asipambiwe, basi aambiwe na upande wa pili.

Panya ni mnyama wa usiku. Seli zinazopokea mwanga kwenye retina yake ni fimbo, zile za kuonea gizani, karibu asilimia 97, na koni, za mwanga na rangi, ni kama asilimia 3 tu, na hana makula, ile sehemu ya katikati ambayo sisi tunasomea na kutambulia nyuso. Figo yake ina piramidi moja, yetu ina kadhaa. Mara ngapi tumesikia panya amepona, halafu binadamu akapewa dawa ileile asione nafuu? Mimi ni mwanafunzi wa biolojia, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona wagonjwa wanapewa matumaini yanayotoka kwa mnyama asiyeumwa kama wao. Na wanyama wenyewe wanaishi na kufa kwa ajili ya majibu yenye mashaka.

---

Taa Nyekundu:

Mdadisi, hoja zako ni za kweli, na nyingine naweza kukuongezea.

Tofauti ya panya na panya inanipa kazi kuliko tofauti ya panya na mtu. Mwaka 1924 mtafiti Clyde Keeler aliona panya wa maabara ambao retina zao hazikuwa na fimbo. Karibu miaka 70 baadaye watafiti, Keeler mwenyewe akiwa mmoja wao, walichukua vipande vya macho ya panya wale vilivyokuwa vimehifadhiwa kwenye vioo, wakasoma vinasaba vyake, na kukuta kasoro ileile tunayoiita rd1. Kasoro hiyo bado imo katika koo za panya zinazotumika sana, kama C3H na FVB. Panya wa FVB anakuwa kipofu hata kabla hujagusa jeni unayoitafiti. Kuna nyingine, rd8, iliyomo kwenye tawi la C57BL/6N, ambalo limetumika kutengenezea panya wengi wa magonjwa ya figo. Mtu wa figo anatuletea panya wake na kusema, "Naona madoa kwenye retina, huu ni Senior-Løken." Sisi kabla ya kuandika neno lolote tunapima rd1 na rd8. Ikionekana mojawapo, madoa yale hayana uhusiano na figo, na kazi inarudi mwanzo kwa panya waliosafishwa kwa kuzalishwa upya.

Upande wa figo kuna mtego wa kreatinini. Njia ya zamani ya kupima kwa rangi hudanganywa na vitu vingine vilivyomo kwenye damu ya panya, na inaweza kuonyesha kiwango cha juu kuliko kilichopo. Anayejali majibu yake hutumia njia ya vimeng'enya au ya kupima uzito wa molekuli, na huangalia pia urea na uwezo wa panya kukoleza mkojo. Kukoleza mkojo ndiko kunakoharibika mapema katika nefronoftisisi, na kiu ya mvulana wa Baba wa Wawili ilitoka hapo.

Ila hapo unaposema panya asiyeumwa kama mgonjwa hana faida, sikubaliani nawe kabisa. Uliza panya huyo aliulizwa swali gani.

Tazama panya wa maabara ya Oak Ridge, kule Tennessee, Marekani. Alipoelezwa mwaka 1994 alijulikana kwa figo zilizojaa vifuko vya maji, na jeni yake iliitwa Tg737, namba tu, kwa kuwa hakuna aliyejua inafanya nini. Mwaka 2000 timu iliyokuwa ikichunguza mwani wa seli moja, Chlamydomonas, unaoogelea kwa mikia miwili, ikagundua kwamba protini inayohitajika kujenga mikia hiyo ndiyo ileile inayotokana na Tg737. Wakaangalia figo za yule panya: silia zake zilikuwa fupi kuliko kawaida. Wakati huo wengi waliihesabu silia ya figo kuwa masalia yasiyo na kazi. Mwaka 2002 wakaangalia macho ya panya huyohuyo, na retina ilikuwa inakufa, kwa sababu jeni hiyo inahitajika kujenga na kutunza ile sehemu ya nje. Mwani hauna figo wala macho. Panya yule hakuwa na ugonjwa wa mgonjwa yeyote maalumu. Hata hivyo ndiye aliyesaidia sana kuonyesha kwamba figo na retina zinaweza kuharibika pamoja kwa sababu ya kijinywele kimoja. Daktari aliyemwambia baba huyu kwamba figo na macho ya bintiye ni ugonjwa mmoja alikuwa anasimama juu ya kazi hiyo.

Hata tofauti za koo zina mafunzo. Panya wa kwanza wa sistinosisi, ugonjwa wa kurithi unaorundika fuwele za sistini mwilini, mwaka 2002, walijaa fuwele kwenye konea kama wagonjwa, lakini figo zao hazikufeli. Kasoro hiyohiyo ilipohamishiwa kwenye ukoo wa C57BL/6, figo zikaanza kupoteza virutubisho kwenye mkojo na hatimaye zikachoka. Jeni ileile, ukoo tofauti, figo tofauti. Hilo ndilo swali la kaka na dada likiwa ndani ya vizimba.

Na umri nao unahesabika. Kwenye jeni ya PKD1, inayoleta vifuko vya figo, watafiti walizima jeni hiyo kwa panya wa umri mbalimbali. Waliozimiwa kabla ya siku ya 13 baada ya kuzaliwa walipata vifuko vingi kwa haraka. Waliozimiwa siku ya 14 na kuendelea walichukua miezi. Tofauti ya siku moja hivi, kwa sababu figo ya panya inafunga hatua fulani ya kukomaa wakati huo. Huwezi kumfanyia mtoto jaribio hilo.

Kuhusu uchungu wa wanyama, sina neno la kukupinga. Tangu mwaka 1959 wanasayansi Russell na Burch walipoweka kanuni ya kubadilisha, kupunguza na kupoza maumivu, maabara inayojiheshimu hueleza kwa maandishi kwa nini swali hili haliwezi kujibiwa na seli zilizokuzwa kwenye sahani, na kwa nini inahitaji panya 12 na si 40. Mambo mengi ya silia sasa yanajibiwa kwa seli za mirija zinazokusanywa kutoka kwenye mkojo wa mgonjwa mwenyewe. Lakini seli ya mkojo haiwezi kukuambia kama mtoto anaona gizani.

---

Mama wa Yusufu:

Jamani naomba niseme na mimi, ingawa ugonjwa wetu ni mwingine. Mwanangu ana Alport. Ni wa figo, masikio na macho. Kwake jeni iliyoharibika ni COL4A5, inayotengeneza nyuzi za kolajeni kwenye chujio la figo na kwenye kifuko cha lenzi. Tumeambiwa lenzi yake inaweza kuja kuchomoza mbele akiwa kijana mkubwa, na retina ina vidoadoa ambavyo kwa sasa havimzuii kuona.

Nataka Mdadisi na Baba wa Wawili wajue dawa anayokunywa mwanangu ilipitia wapi. Kulikuwa na panya wasio na COL4A3, jeni dada ya hiyo. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walichapisha kwamba waliwapa ramiprili. Walioanza wakiwa na wiki 4, kabla protini haijaanza kuvuja kwenye mkojo, waliishi wastani wa siku 150. Wasiopewa waliishi siku 71. Waliochelewa kuanzishiwa hawakuongezewa umri kiasi hicho. Daktari wetu alinichorea mistari miwili kwenye karatasi, na mstari wa tatu wa waliochelewa, akaniambia, "Mama, ndiyo maana sitaki tusubiri."

Baadaye wakafanya utafiti kwa watoto wenyewe, majibu yakatoka mwaka 2020, ikaonekana dawa ni salama kwa watoto wanaoanza mapema, na dalili zikaelekea upande wa kuuchelewesha ugonjwa. Mwanangu alianza mkojo wake ukiwa bado na protini kidogo sana. Mtu akiniuliza panya wana faida gani, mimi nina jibu la kila asubuhi.

Aliyosema Taa Nyekundu kuhusu koo na mimi niliyasikia. Panya hao wa Alport, wa ukoo mmoja hufa kwa figo karibu na wiki ya 10, wa ukoo mwingine hufika miezi 6, na kasoro ni moja. Nina kaka yangu mwenye Alport hiyohiyo aliyefika miaka 30 na kitu kabla ya kuanza kusafishwa damu, na binamu aliyeanza akiwa bado shuleni.

---

Baba wa Wawili:

Mungu awabariki. Nimesoma mara kadhaa na mama yao amesoma. Kwa mara ya kwanza nimeelewa kwamba binti yangu hakuumwa zaidi kwa sababu ya kitu tulichofanya au tulichoacha kufanya.

Niulize mawili ya mwisho. Mama wa Yusufu, hiyo ramiprili ingemfaa binti yangu? Na nimesoma kwamba vitamini A hupunguza kasi ya retina kufa. Nimeshaagiza vidonge, bado sijampa. Taa Nyekundu, katika hao panya kuna tiba yoyote inayokuja ya macho?

---

Daktari wa Figo za Watoto:

Baba, naomba vidonge hivyo visifunguliwe. Vitamini A huondolewa mwilini kwa shida figo zikiwa zimechoka. Inajikusanya na kugeuka sumu, inaweza kupandisha kalsiamu kwenye damu na kudhuru ini na mifupa. Ushauri uliousoma uliandikwa kwa watu wazima wenye retina mbovu na figo nzima. Kwa mtoto mwenye figo za binti yako hali ni tofauti kabisa.

Ramiprili nayo usiihamishe kutoka Alport. Inasaidia sana pale chujio la figo linapovujisha protini. Katika nefronoftisisi chujio si mahali ugonjwa unapoanzia. Mirija ndiyo inayoharibika, mkojo huwa na protini kidogo, na mtoto hupoteza maji na chumvi kwa wingi. Mtoto aliyepungukiwa maji akipewa dawa hiyo bila uangalizi, figo zinaweza kushuka ghafla. Anaweza kuihitaji siku moja kwa sababu ya shinikizo la damu, lakini hilo aamue anayemtibu. Kwa sasa msimzuie kunywa maji hata usiku, na akiharisha au kutapika mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Jambo jema: nefronoftisisi hairudi kwenye figo iliyopandikizwa. Figo mpya ina jeni nzima. Ninyi wazazi mna nakala moja nzima kila mmoja, na wazazi wengi wa namna hiyo wamewatolea watoto wao figo baada ya kupimwa. Ndugu yeyote mdogo anayetaka kujitolea apimwe kwanza jeni hii.

---

Taa Nyekundu:

Namshukuru daktari, ameniwahi kwenye vitamini A.

Tiba ya macho. Iliyofika mbali zaidi kwenye familia hii ya jeni ni ya CEP290, ambayo watu wa figo huiita NPHP6. Kasoro yake iliyo ya kawaida kwa wagonjwa wenye asili ya Ulaya imejificha ndani ya introni, kipande cha jeni kisichobeba maagizo ya protini, na panya hana kinachofanana nacho. Basi watafiti wakawawekea panya kipande hicho cha jeni ya binadamu, wakakijaribia mkasi wa vinasaba ndani ya macho yao, na kwa nyani pia. Kisha ikaja zamu ya watu. Majibu ya watu 14 yalichapishwa mwaka 2024, na 11 kati yao walipata nafuu kwenye angalau kipimo kimoja cha kuona. Nafuu hiyo ilitofautiana sana kati ya mtu na mtu, na wengine waliobaki hawakuipata.

CEP290 ilihitaji mkasi kwa sababu ni ndefu. Maagizo yake ni herufi 7,400 hivi, na kirusi tunachotumia kupeleka jeni kwenye retina hubeba kama 4,700. NPHP1 yako ni herufi 2,200 hivi. Inaingia na nafasi inabaki. Kwa jeni nyingine ya familia hii, NPHP5, nayo fupi, mbwa waliozaliwa na kasoro hiyo walidungwa jeni nzima chini ya retina, na kazi iliyochapishwa mwaka 2021 inaonyesha seli zilijenga upya sehemu ya nje na mbwa wakaona. Muda ulihesabika hapo pia, kwa kuwa jeni mpya huhitaji seli iliyo hai ya kuipokea. Figo ni ngumu zaidi kuifikia: kirusi hicho ni kikubwa kuliko matundu ya chujio, kwa hiyo kukidunga kwenye damu hakukifikishi kirahisi ndani ya mirija.

Kwa sababu hiyo, kabla ya jambo jingine lolote, mwombe daktari wa macho ampime binti yako umeme wa retina na apige picha ya tabaka zake, kisha arudie kila mwaka. Jaribio lolote la tiba likija, swali la kwanza litakuwa ni seli ngapi zimebaki na zinapungua kwa kasi gani, na bila vipimo vya miaka ya nyuma hakuna atakayeweza kulijibu. Mpime na kaka yake, hata kama anaona vizuri. Majibu ya vinasaba, yaani ripoti nzima pamoja na orodha ya jeni zilizosomwa, omba nakala ukae nayo nyumbani. Kama AHI1 haimo kwenye orodha hiyo, muulize mshauri wa vinasaba kama sampuli ya damu bado ipo na inaweza kusomwa tena.